Hoteli ya Nungwi: chumba kizuri, masharti ndo hayaeleweki

Chumba kisafi, bahari iko hapo mlangoni, pweza wa nazi mtamu hasa. Shida iko mapokezi. Mie na mume wangu tukadaiwa cheti cha ndoa, nkatoa ZanID zetu zote mbili (vitambulisho vya ukaazi wa Zanzibar), dada akasema hapana lazima cheti chenyewe, sawa, lakini wageni wawili wa Ulaya waliokuwa mbele yetu wamepewa ufunguo kwa pasi zao tu hawakuulizwa kitu, sasa hilo sharti ni la nani? Kama lipo liwe la wote, na liandikwe pale pa kubuku mtu ajue kabla hajapanda boti Mkoani, Pemba. Mpaka shemeji katutumia picha ya cheti Wasap ndo tukaingia.

Halafu bei ya wakaazi, kwenye simu walisema ipo siku zote, kufika eti wikendi haitumiki, na bili ikaja kwa dola jamani, wakati kanuni za 2025 zimeshakataza kutoza bei za ndani kwa fedha za kigeni! Meneja akaibadilisha bila ubishi, hapo nampongeza. Wahudumu siwalaumu, wanafata walichoambiwa. Nyota tatu.