Mgeni alikatwa katikati ya sentensi: uzoefu wangu kwenye mkutano wa klabu ya huduma

Nilijiapiza nisiandike nikiwa na hasira. Wiki kadhaa zimepita, hasira haijaondoka, basi naandika nayo.

Rafiki yangu alinialika kwenye mkutano wa kila wiki wa klabu yao ya huduma kwa jamii. Jina la klabu silitaji, maana waliomo wengi ni watu wema na ugomvi wangu ni na kengele. Ndiyo, kengele. Ile ya shaba inayokaa mezani mbele ya rais wa klabu, na kinyundo chake pembeni.

Nilikwenda kwa ajili ya mzungumzaji mgeni tu. Muuguzi wa macho, mama mtu mzima, kazi hiyo ameifanya miaka nenda rudi. Mama yangu mzazi alikuwa ameanza kujigonga kwenye miimo ya milango na kulalamika kwamba nyumba ina giza, nami nilikuwa na swali mfukoni, nimeliandika kabisa kwenye karatasi.

Mkutano ni wa saa moja. Sasa hesabu nami. Kengele ya kufungua, wimbo, kutambulisha wageni (nilisimama, nikapigiwa makofi, sijui ya nini). Matangazo. Siku za kuzaliwa. Taarifa ya kamati ambayo haikuwa na taarifa, na mwenyekiti wake akachukua muda mrefu kueleza kwa nini hana. Kisha faini. Kwa asiyezijua klabu hizi, huwa kuna mtu wa kutoza faini za utani: umechelewa, hukuvaa beji, picha yako imetoka gazetini, toa chochote, fedha ziingie mfuko wa hisani. Mchezo mzuri, nakubali. Nilicheka kwa mtu wa kwanza mpaka wa tano. Alipofika wa kumi na kitu nikamtazama mgeni. Karatasi zake zilikuwa magotini, anatabasamu, na huku anazipunguza. Alichomoa moja, akaikunja, akaitia mkobani. Halafu nyingine.

Alipoitwa zilibaki dakika kumi na moja. Wasifu wake ukala nne, ukisomwa na mtu ambaye ni wazi alikuwa akiuona kwa mara ya kwanza.

Mama wa watu akaanza. Akasema mtoto wa jicho ni kama kioo kilichoingia ukungu: lenzi iliyofifia hutolewa, huwekwa ya bandia, mtu akaona tena. Hata waliokuwa wameinamia simu waliinua vichwa. Akaendelea, "Lakini upo ugonjwa mwingine, huo ukishachukua haurudishi, na mwenyewe wala hasikii..."

Nge! Kengele.

Rais akasema muda ni mali, watu wakacheka. Cheti cha shukrani kikatolewa, jina la mgeni limekosewa herufi mbili. Picha zikapigwa, tena nyingi, dakika za picha zilipatikana! Nikanyosha mkono niulize. Mtu wa faini akaninyoshea kidole: kusema baada ya kengele, faini. Kicheko kingine. Nikalipa. Sijawahi kutoa cha hisani na uchungu kiasi kile.

Na si kwamba watu wa klabu hizi hawajui mgeni anaweza kufanya nini. Mwaka 1925, huko Cedar Point, Ohio, Helen Keller, mwandishi Mmarekani aliyepoteza kuona na kusikia akiwa na miezi 19, alisimama mbele ya mkutano mkuu wa Lions, mojawapo ya klabu hizi za huduma, akawaomba wawe mashujaa wa vipofu. Lions wenyewe walikuwa na miaka minane tu tangu waanze. Toka siku hiyo huduma ya macho ikawa ndiyo kazi inayowatambulisha duniani. Hotuba moja, ya mgeni! Nani angempigia kengele? Na angepigiwa asingeisikia, angeendelea zake. Laiti muuguzi wetu naye angejitia uziwi.

Hapo nilikuwa nimeshaamua: mkutano huu naupa nyota moja.

Lakini nilimfuata nje. Alikuwa kwenye ngazi anasubiri usafiri, akanisogezea nafasi nikae. "Uliza, mwanangu." Nikatoa karatasi yangu. Alichokatishwa kilikuwa glakoma, ile tunayoiita presha ya macho. Mshipa wa fahamu unaotoa habari jichoni kuzipeleka kwenye ubongo huharibika polepole, mara nyingi bila maumivu yoyote, na kuona huanza kuliwa pembeni. Mbele mtu bado anaona, kwa hiyo hana wasiwasi. Akaniuliza mama anajigonga upande upi. Akaniambia na mimi nikapime, maana ugonjwa huu hufuata damu.

Nikamuuliza kama hakukasirika. Akacheka. Amealikwa pale mara tatu, akasema, na mara zote tatu kengele imemkuta njiani. Ila baada ya ile mara ya kwanza klabu ililipia upasuaji wa mtoto wa jicho kwa orodha nzima ya wagonjwa aliowapelekea, na aliyekuwa akiwachukua kwa gari lake, kuwapeleka na kuwarudisha, ni yule bwana wa faini. Yule yule! Hilo liliniudhi zaidi, kwa sababu nilitaka kumchukia kwa raha zangu.

Basi nyota nne, kwa kazi.

Hapana, ngoja. Mle ukumbini tulikuwa kama arobaini, wengi mvi zimeshaanza, watu hasa wa kupimwa macho, nao wamerudi makwao na nusu ya sentensi. "Mwenyewe wala hasikii" nini? Hawajui mpaka leo. Aliyekuwa nalo la kuwaambia alikaa mbele yao karibu saa nzima wakiimbiana siku za kuzaliwa. Nyota mbili, na faini yangu siidai, iingie kwenye upasuaji.

Mama nilimpeleka kupimwa siku chache baadaye. Ndiyo yenyewe. Jicho la kushoto limeliwa sana, la kulia bado tumeliwahi. Namtia matone kila jioni, naye kila jioni ananiambia yanawasha.