UNI-T UT210E kwenye pampu ya mafuta inayokata na kurudi: je, inafaa?

Habari zenu ndugu watazamaji, karibuni tena gereji. Leo nina klampu mita hii hapa, yaani mita inayopima ampea kwa kubana waya bila kuukata, UNI-T UT210E, na nitaichambua kwa kazi moja tu: gari la petroli linalozima njiani, ukilipumzisha linawaka, ukilifikisha kwa fundi linatulia kana kwamba halina ugonjwa wowote. Mwenyewe kashanunua pampu, kabadilisha plagi, kasafisha nozeli, kalipima kwenye mashine na mashine imesema hakuna kosa. Na bado gari linamlaza barabarani.

Kabla hujatoa hela, mwambie muuza duka unataka inayopima DC, umeme wa betri. Klampu mita nyingi za mafundi wa majumbani zinasoma ampea za AC, umeme wa nyumbani, peke yake. Ukizibana kwenye waya wa gari zitakuonesha sifuri huku pampu inaunguruma. Hii inasoma zote mbili, ina renji za ampea 2, 20 na 100, na mdomo wake unafunguka milimita 17. Kwa kebo nene za lori utapata shida, lakini kwa boksi la fyuzi lililobanana mdomo huu mdogo ndio unaoutaka.

Kwa pampu weka renji ya 20. Magari mengi ya kawaida ya EFI, yaani yanayopuliza petroli kwa nozeli zinazoongozwa na kompyuta, pampu inakula kati ya ampea 4 na 8. Bonyeza ZERO kabla hujabana waya, kila mara, na ukishabonyeza usiigeuzegeuze mita, kwa sababu inahisi sumaku, hata ile ya dunia, na namba inahama. Halafu bana waya mmoja tu. Ukibana chanya na hasi kwa pamoja zinafutana, unapata sifuri ya uongo.

Unabana wapi? Usikate waya, usitoboe ganda lake, na usianze kuchokonoa soketi juu ya tanki penye mvuke wa petroli. Chomoa fyuzi ya pampu, weka mahali pake kitanzi cha waya chenye fyuzi ya ukubwa uleule katikati, kisha bana kwenye kitanzi. Gari linatembea kama kawaida, na mita unaipeleka mpaka ndani.

Sasa sikilizeni hapa, maana hapa ndipo mafundi wengi wanapopotea. Injini ikizima, kwenye magari mengi kontroli boksi, yaani kompyuta ya injini, inakata rilei ya pampu, ile swichi ya umeme inayoiwasha, ndani ya sekunde chache, kwa sababu haioni tena mzunguko wa injini. Ni usalama, petroli isiendelee kusukumwa baada ya ajali. Kwa hiyo kukuta pampu haina umeme baada ya gari kuzima hakujakuambia kitu. Sensa ya krenki, ile inayoiambia kompyuta kwamba injini inazunguka, ikifa, utaona jambo hilohilo. Swali ni nani alitangulia. Ampea zilianguka injini ikiwa bado inazunguka? Basi tatizo liko kwenye njia ya umeme wa pampu au kwenye pampu yenyewe. Injini ilikufa kwanza, ampea zikafuata? Iache pampu ya watu, katafute kwenye sensa na mfumo wa moto.

Ndiyo maana naipenda mita hii kuliko taa ya kupimia. Iwekeni mita kando ya dashibodi, abiria ashike simu arekodi video inayoonesha namba za ampea na mshale wa RPM (mizunguko ya injini) kwa pamoja. Gari likizima, mnarudisha video polepole. Dereva aangalie barabara, asiangalie mita.

Tuseme imethibitika ampea ndizo zilizotangulia. Pima volti kwenye waya wa pampu mtihani ukiwa bado unaendelea, yaani likiwa limegoma, huku mtu akipiga starta, maana injini ikiwa imesimama kontroli boksi inakata umeme. Volti zipo, ethi (njia ya hasi kwenye bodi ya gari) ni nzuri, ampea ni sifuri: pampu imekata ndani, mara nyingi brashi, vile vipande vinavyopeleka umeme kwenye mota yake, zimekwisha. Hiyo ndiyo pampu ambayo ukigonga tanki inaamka. Volti hazipo: rudi nyuma kwenye rilei, fyuzi na swichi ya funguo. Honda za miaka ya 1980 na 1990 zilijulikana sana kwa hili, lehemu ndani ya rilei kuu inapasuka, gari likishika joto haliwaki, likipoa linawaka. Pampu mpya ingesaidia nini hapo?

Na kuna ugonjwa wa katikati, ambapo ampea hazifiki sifuri, zinashuka tu na gari linakosa nguvu. Hapa tumia nyaya za kupimia za mita hiihii. Pampu ikiwa inafanya kazi, weka nyekundu kwenye chanya ya betri na nyeusi kwenye chanya ya pampu. Ikizidi kama nusu volti, kuna mahali umeme unapotelea. Fanya hivyohivyo upande wa ethi, maana kutu chini ya boliti ya ethi imeua pampu nyingi zisizo na kosa. Ukipima soketi ikiwa imechomolewa, hata waya uliobaki uzi mmoja utakuonesha volti 12 safi. Ukinzani wa omu 1 tu, ukipitisha ampea 5, unameza volti 5. Pampu itafanya nini na volti zilizobaki?

Kasoro zake nizitaje wazi. Namba zinabadilika polepole, hivyo mkato wa kufumba na kufumbua hauonekani kabisa. Wala haioneshi mawimbi ya brashi moja moja. Anayetaka hayo anunue osiloskopu, kifaa kinachochora umeme kama mawimbi kwenye skrini, na klampu yake, ni hela nyingine kabisa. Inajizima yenyewe ikikaa, jambo linaloudhi kwenye majaribio marefu ya barabarani. Na kwa magari mapya ambayo pampu inaendeshwa na moduli kwa umeme wa kukatwakatwa, namba utakayosoma ni wastani, basi ilinganishe na gari la aina hiyohiyo lililo salama, usishike zile 4 mpaka 8.

Fundi wa umeme wa magari, mimi nasema inunue. Mwenye gari moja unayetaka tu kujua linakuzimia kwa nini, usinunue, ila kabla ya kulipia pampu mpya mwambie fundi wako akuoneshe ampea za hiyo ya zamani likiwa limegoma. Asipoweza kukuonesha, funga pochi.