Nilichoweka na nilichorudishiwa: SACCOS yetu ya Chunya iliyofilisiwa

Nimepikia wachimbaji wa Chunya miaka mingi, bandani kwangu karibu na makarasha, zile mashine za kusaga mawe ya dhahabu, na pesa yangu ilikuwa inalala kwenye SACCOS moja ya hapa mjini, chama cha ushirika cha akiba na mikopo. Leo SACCOS hiyo iko mikononi mwa mfilisi, mtu anayekusanya mali za chama kilichokufa na kuwalipa wanaokidai. Jina la chama naliacha, kwa kuwa baadhi ya waliokuwa viongozi ni majirani zangu na madai hayajaisha. Ninaandika kwa sababu kila mwezi kuna mtu anakula wali wake, ananawa mikono, kisha ananiuliza: mama, kuna chama kingine kimefungua ofisi, tujiunge?

Dirishani sina lawama. Kwa huduma ya dirishani ningewapa nyota tano. Benki kubwa zilitutaka tuvae vizuri, tupange foleni na vijana wenye mabegi ya pesa za dhahabu, halafu tufunge banda nusu siku. Wale wa SACCOS walikuwa wazi hadi saa 11 jioni, saa ambayo sufuria zangu zimeshaoshwa. Karani alipokea noti za elfu moja moja zenye harufu ya mafuta ya kupikia, akazihesabu mbele yangu bila kukunja uso, akaandika kwenye kitabu changu kwa mkono wake na kugonga muhuri. Siku nilipougua malaria alimtuma dada mmoja kuniulizia. Mkopo wangu wa kwanza, wa kununua mchele wa Kyela kwa magunia badala ya kilo, ulitoka ndani ya siku tatu. Nikaurejesha wote.

Ubaya ulikuwa chumba cha nyuma, kwenye kamati ya mikopo.

Anayejua duara, yaani shimo la kuchimbia dhahabu, atanielewa. Duara linaweza kula pesa miezi sita kabla halijarudisha hata pointi moja ya dhahabu: matimba ya kushikilia kuta, baruti, pampu, dizeli, na chakula cha vijana, ambacho mara nyingi ni mimi ninayekitoa kwa mkopo. Masika yakishika, maji yanajaa shimoni na kazi inasimama. Mkanda wenyewe wa mwamba wenye dhahabu unaweza kupotea wiki ile ile uliyotegemea kusaga. Mama lishe hurejesha mkopo wake kwa sahani, kila siku kidogo kidogo. Mwenye duara husubiri mwamba. Kamati iliwapa wote masharti yale yale, marejesho kila mwezi kwa mwaka mmoja, na ilipofika mwezi wa nne wenye maduara wakawa hawana kitu. Mimi siwaiti wezi. Wengi niliwaona wakitoka shimoni wamelowa matope, mikono mitupu.

Kosa kubwa lilikuja hapo. Badala ya kuandika kwamba mkopo umeshindwa kulipika, kamati ilimpa mdaiwa mkopo mpya wa kuuzima ule wa zamani, na riba ikiwa ndani yake. Daftari likawa safi. Kwenye karatasi mikopo ilikuwa inakua na riba inaingia, lakini sandukuni haikuingia shilingi. Waliokuwa wanaleta pesa halisi ni sisi: mama lishe, bodaboda, wauza mitumba, mafundi wa karasha. Akiba yetu ndiyo iliyokuwa inazama kwenye maduara ya watu wachache.

Kwenye mkutano mkuu wa mwisho, mzee mmoja wa Kisafwa alisimama akauliza mikopo chechefu, ile isiyolipika, ni kiasi gani. Mwenyekiti akamjibu kwamba muda umekwenda na wajumbe wana njaa. Pilau ya siku hiyo niliipika mimi. Nilikuwa nyuma ya ukumbi nikipakua, nililisikia swali, na sikutoka kumuunga mkono mzee wangu. Hilo linaniuma kuliko pesa.

Baada ya hapo mambo yalikwenda haraka. Kwanza tukaambiwa mwisho wa kutoa ni 50,000 kwa siku, kisha 20,000, kisha karani akawa analia tu dirishani. Wakaguzi wakaja. Kwa Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 2013, chama kikishindwa kabisa Mrajis wa Vyama vya Ushirika anaweza kukifuta na kuteua mfilisi, na ndivyo ilivyokuwa kwetu. Tukakuta tangazo limebandikwa mlangoni.

Mfilisi nampa nyota tatu. Alieleza mambo kwa Kiswahili kinachoeleweka, hilo namshukuru. Lakini alivyoeleza ndipo nilipojua nilikuwa sijui kitabu changu. Nilikuwa na mafungu matatu: hisa 300,000, akiba 2,400,000 na amana 850,000, yaani pesa ya ziada niliyoweka kwa hiari. Mimi niliona ni pesa moja. Kumbe hisa ni mtaji, mwenye hisa ni mmoja wa wenye chama, na chama kikifa yeye hulipwa mwisho, kama kimebaki kitu. Hakijabaki. Akiba ndiyo dhamana ya mikopo, yako na ya yule uliyemdhamini. Nilikuwa nimemdhamini kijana mmoja niliyemchukulia kama mdogo wangu, akahama usiku kufuata uchimbaji mpya upande wa Songwe. Wakakata 600,000 kwenye akiba yangu. Nilisaini mwenyewe, kwa hiyo sikubisha.

Nikabaki na madai ya 2,650,000. Mgawo wa kwanza ulikuwa shilingi 35 kwa kila mia, nikapata 927,500. Wa pili ulikuwa 10 kwa mia, 265,000. Jumla 1,192,500, kwa kusubiri zaidi ya mwaka, na safari mbili za Mbeya mjini, kilomita sabini na kitu kwenda tu, kufuatilia karatasi za kitambulisho. Nyota zilizopungua ni za safari hizo, maana fomu ile ile ingeweza kupokelewa hapa Chunya. Na wanaodhani deni lilikufa pamoja na chama, wamekosea. Mfilisi ndiye anayedai sasa, na mgawo wetu unatokana na wanaomlipa.

Sasa swali la kujiunga. Nilichokuwa sikijua, na hakuna aliyeniambia dirishani, ni kwamba benki ina Bodi ya Bima ya Amana nyuma yake na SACCOS haina. Januari 2018 Benki Kuu ilipofuta leseni za benki tano ndogo kwa upungufu wa mtaji, mojawapo ikiwa ya jirani zetu wa Njombe, bodi hiyo ndiyo iliyoteuliwa kuwa mfilisi, na mwenye amana alikuwa na kinga ya hadi 1,500,000 bila kusubiri mali ziuzwe. Mwaka 2023 kiwango kilipandishwa hadi 7,500,000. Ada ya bima hiyo inalipwa na benki, si mteja. Ile 3,250,000 yangu ya akiba na amana, kama ingekuwa kwenye benki iliyofungwa leo, ingekuwa ndani ya kinga yote.

Sisemi SACCOS zote ni mbaya. Benki isingenipa mkopo wa magunia yale ya mchele, maana sina hati ya nyumba. Lakini kabla hujatoa hata kiingilio, omba uone leseni. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inaitaka kila SACCOS iwe nayo, na anayezisimamia kwa niaba ya Benki Kuu ni Tume ya Maendeleo ya Ushirika. Halafu omba taarifa ya ukaguzi, uulize lile swali la mzee: mikopo chechefu ni kiasi gani, na imekopeshwa akina nani? Wakikuambia muda umekwenda, ondoka na pesa yako.

Mimi sasa naweka SACCOS kiasi kile tu kinachoniwezesha kukopa, na kinachobaki kinaenda benki, hata kama nafunga banda siku moja kwa wiki. Udhamini nimeacha, hata kwa ndugu wa damu, na wamenielewa.

Mfilisi amebakiza kuuza jengo la ofisi na kiwanja kimoja cha Makongolosi. Alisema vikipata mnunuzi atabandika tangazo kwa mtendaji wa kata. Kila nikienda sokoni napita pale ubaoni kwanza. Kitabu changu kiko ndani ya nailoni, pamoja na risiti zote mbili.