Uzoefu wangu: kiko cha Tanganyika nilichonunua Nairobi, na vyote vilivyokifuata nyumbani

Sivuti tumbaku. Nalisema mapema kwa sababu kila anayefungua kabati langu huuliza. Ninachokitathmini hapa ni kiko cha zamani chenye chapa ya Kiko, kazi ya Tanganyika Meerschaum Corporation, pamoja na huduma ya mzee aliyeniuzia katikati ya jiji.

Bakuli lake limechongwa kwenye mirishamu (meerschaum kwa Kiingereza), lile jiwe jeupe, jepesi, lenye vinyweleo, ambalo kwa upande wetu lilichimbwa Sinya, ng'ambo ya mpaka wa Tanzania karibu na Amboseli. Mirishamu inayosifiwa zaidi duniani hutoka Eskişehir, Uturuki. Wavutaji wengi husema ya huku ni ngumu zaidi na haiwahi kuiva rangi ya asali kama ile ya Waturuki. Mimi hilo halinihusu. Changu kimevikwa ngozi nyeusi ambayo mshono wake umekaza mpaka leo, na ile alama ya tembo ya kampuni bado inasomeka. Nilitajiwa shilingi 4,500, tukavutana, nikakichukua kwa 2,800. Kwa kazi ya mkono ya namna hii, bei ni ya haki.

Kasoro: mrija. Umetengenezwa kwa eboniti, yaani mpira uliofanywa mgumu kwa salfa, na eboniti ikipigwa jua miaka mingi hugeuka rangi ya kinyesi cha ng'ombe. Msasa laini wenye maji unaitoa, ila ufanye kazi polepole na usiguse maandishi. Ngozi nilimpelekea fundi viatu wa mtaani kwetu, akaipaka nta kidogo na kuipiga brashi. Alikataa hata kunitoza. Harufu ya ndani ni habari nyingine. Kwa viko vya mti, watu hujaza chumvi ndani ya bakuli, wakatia spiriti na kuacha usiku kucha, ikanyonya lami yote. Usijaribu hivyo kwa mirishamu. Jiwe lenyewe hunywa kila kinachomiminwa. Kitambaa chenye unyevu na subira vinatosha.

Basi, kama mambo yangeishia hapo, ningetoa nyota na kwenda zangu. Lakini kiko cha zamani hakiji peke yake, na wa kulaumiwa ni maandishi yaliyopigwa juu yake. Changu kina neno Tanganyika. Nchi hiyo ilipata uhuru 1961 na kuungana na Zanzibar 1964, kwa hiyo haraka haraka unasema: hiki ni cha kabla ya Muungano! Kisha unakumbuka kwamba Tanganyika ni sehemu ya jina la kampuni, na jina la kampuni si lazima libadilike siku bendera inapobadilika. Unahitaji kingine cha kulinganisha. Ukikipata hicho cha pili, nacho kina swali lake.

Nilidhani nikihamia viko vya Ulaya nitapumua, kumbe huko ndiko maandishi yalikojaa. Kiko cha Peterson wa Dublin kilichopigwa "Made in Eire" (Eire ni Ireland) kwa kawaida ni cha kati ya 1938 na mwishoni mwa miaka ya 1940. Baadaye wakaandika Republic of Ireland. Dunhill wa London waliweka tarakimu ndogo baada ya neno England, nayo hukuambia mwaka. Pete ya fedha ikiwa na nanga, usafi wa fedha yake ulipimwa Birmingham, na herufi iliyo kando yake ni ya mwaka wa upimaji. Raha yote iko pale, umeinama chini ya taa na kioo cha kukuza, ukifuta uchafu, herufi ikijitokeza. Inachukua dakika chache, halafu imekwisha, na kinachobaki ni kitu cha kuwekewa nafasi kabatini. Ndiyo maana naamini tunaoitwa wakusanyaji hatupendi sana vitu vyenyewe. Tunapenda kutojua, na kutojua hakukai.

Mzee muuzaji ameligundua hilo zamani. "Mkubwa, hii nimekuwekea wewe," ndiyo salamu yake, na hasemi ni nini. Hataji mwaka kamwe hata anapoujua; anakuachia kioo na kiti. Kwake nimetoka pia na mikebe ya sigara na senti kumi za Afrika Mashariki zenye tundu katikati, vitu ambavyo sikuwa nikivitafuta. Anapokea M-Pesa, anarudisha pesa ukigundua ufa uliofichwa kwa gundi, na hakuharakishi. Muuzaji mmoja wa ng'ambo aliwahi kunitumia kiko chenye ufa wa aina hiyohiyo, na barua zangu hazikujibiwa. Upande mbaya: duka ni vumbi tupu, risiti ni mpaka uombe, na kwake kila kilichopata kutu ni "antiki".

Jihadhari na jambo moja. Baadhi ya viko vya kale vina pete au kidomo cha pembe ya ndovu. Sheria yetu ya wanyamapori ya 2013 inakukataza kukaa na pembe bila kibali, na uzee wa kiko hautakutetea. Serikali ilichoma tani 105 za pembe jijini hapa mwaka 2016; usitarajie mzaha. Mzee mwenyewe, ukimwuliza, anakuambia hana na hataki. Na kama wewe ni mvutaji, sheria ya tumbaku ya 2007 inakuzuia kukiwasha mahali pa umma, isipokuwa palipotengwa.

Mama watoto huuliza, "Baba Wanjiru, hivi vyote atavivuta nani?" Tumekubaliana kanuni: hakiingii kiko kisicho na alama. Imepunguza matumizi, haijapunguza hamu.

Kiko chenyewe nakipa nyota nne, moja imekwenda na mrija. Mzee nampa nne na nusu. Ukitaka cha kwanza, tafuta chenye tembo anayeonekana wazi, kichungulie ndani kwa tochi uone kama bakuli lina ufa, chomoa mrija kabla ya kulipa, na usivuke shilingi 3,000 kama ngozi imechanika.