Gari ya kukodi na dereva siku mbili, Mtwara mpaka Ndanda: nilimpeleka binti kuangalia vyuo

Wazazi wenzangu wa kusini, hasa wenye watoto form six, naandika hii kwa sababu kabla sijaenda nilitafuta sana mtu wa kuniambia ukikodi gari ya kuzungukia vyuo inakuaje na inakula shingapi, sikumpata.

Binti yangu anasoma CBG (kemia, baiolojia na jiografia), alikuja likizo ya Desemba. Mimi na mama yake tulishapanga vichwani mwetu kwamba ataenda uuguzi, ila tukasema kabla hajaanza kuomba akavione vyuo kwa macho yake, maana mtoto wa dada yangu yeye alichagua kwa kuangalia picha kwenye simu, alipofika alilia wiki nzima akitaka kurudi nyumbani. Malipo ya korosho yalikua yameingia na mimi pesa ya korosho naijua, usipoipa kazi mapema inajitafutia yenyewe, kwa hiyo nikasema safari hii ianze kuchukua fungu lake.

Basi lingekua rahisi zaidi sikatai, Lindi kosta zipo muda wote, lakini vyuo haviko stendi, kila ukishuka ni bodaboda mbili kwenda na mbili kurudi na jua lile la Desemba, na sehemu tatu kwa siku moja huwezi kuzimaliza. Nikapewa namba ya vijana fulani pale Mtwara mjini wana magari matatu tu, sitawataja maana kuna mambo hayakunifurahisha na nitayasema. Tulikubaliana gari ndogo aina ya IST, laki moja na kumi kwa siku pamoja na dereva, mafuta juu yangu, chakula cha dereva juu yangu. Mafuta ya siku mbili yalifika kama elfu 90.

Siku ya kwanza ilikua ya Mtwara tu. Tulipanga saa 2 asubuhi, kijana akafika saa 3 kasoro, na simu alikua hapokei, hilo lilinikera kwa sababu mtoto alishavaa tangu saa 12 anachungulia barabarani. Alipofika aliomba radhi vizuri, shikamoo mzee, samahani mzee, pancha, sawa yakaisha. AC haifanyi kazi na hawakusema kwenye simu. Mtwara Desemba gari bila AC, madirisha wazi, vumbi lote la barabara za ndani mnakula nyinyi.

Tulianza Stella Maris, chuo kishiriki cha Mtakatifu Augustino, na hapo nilifanya jambo ambalo nashauri kila mzazi afanye, nilikaa kimya. Nilimwambia binti, uliza wewe mama, ndo unakuja kusoma wewe. Kwanza aliona aibu, baadae akauliza ualimu wa sayansi, hosteli, mkopo wa bodi unaombwaje, mpaka nikawa nashangaa haya maswali kayatoa wapi. Chuo kingine cha mambo ya afya sitakitaja, tulikuta ofisi imefungwa na mlinzi hana taarifa, tukakaa chini ya mwembe dakika arobaini tukaondoka. Kwa hiyo piga simu kwanza, hasa Desemba watu wanaanza kwenda likizo.

Sasa Naliendele. Ni kama kilomita kumi tu kutoka mjini, mimi sikua nimeiweka kabisa kwenye ratiba, dereva ndio alisema mzee hapo kuna chuo cha kilimo na kituo cha utafiti wa korosho, si tupite tu wakati tumebakiwa na mchana. Tulipita. Binti alisimama kwenye miche ya kubebesha pale akawa anauliza kikonyo, yaani kile kijitawi cha kubebeshea, kinatolewa mkorosho gani, kwa nini mche huu unawahi kuzaa na wa bibi kule kijijini ulichukua miaka, yule bwana wa pale nae alimjibu swali moja moja bila haraka, Mungu ambariki. Mimi nimelima mikorosho tangu najitambua na kuna vitu nilivisikia siku ile kwa mara ya kwanza.

Kurudi mjini ndani ya gari akasema, baba, mimi uuguzi naweza kusoma lakini siutaki. Nikamwambia sema mwanangu. Akasema tangu mdogo anakumbuka harufu ya salfa kwenye nguo zangu, kila mwaka mikorosho ikianza kutoa maua tunapuliza, na bado ugonjwa wa ubwiriunga unarudi na maua yanapukutika, na kila mwaka yeye anajiuliza hivi hakuna mtu anaelitafutia hili dawa nyingine. Akasema anataka kuwa yeye. Nilikosa cha kusema. Na hapa ndo nataka nimsifu huyu dereva, alikua na mziki wake wa singeli juu kabisa, mtoto alivyoanza kuongea akauzima bila kuambiwa na kutoka hapo mpaka nyumbani hakutia neno. Kuna madereva angedakia, angeanza kumshauri mtoto na kumuuliza mbona hutaki kuvaa nguo nyeupe. Huyu alikua anaendesha tu, taratibu. Kwa hilo namsamehe pancha na AC.

Siku ya pili alifika saa 11 na nusu alfajiri, kabla yetu. Tukatoka na Mikindani, pale bahari inavyoonekana asubuhi sijui kama kuna mtu anaichoka, tukaenda mpaka Mnazi Mmoja tukanywa chai na ming'oko ya moto, halafu badala ya kukata kushoto moja kwa moja kwenda Masasi nikamwambia tuelekee Lindi kwanza. Nilitaka binti aone Ngongo, kule kwenye viwanja vya nanenane, maana UDSM wanajenga kampasi yao ya Lindi na ni ya mambo ya kilimo. Hapo ikatokea kero ya pili, dereva akasema Lindi haikuwepo kwenye makubaliano niongeze elfu 30. Tukavutana kidogo pembeni ya gari, tukaelewana elfu 15. Kosa nusu ni langu, orodha ya vituo vyote iandikeni kwenye meseji kabla ya kulipa chochote.

Lindi mjini tulikula wali na pweza, tukageuza. Nyangao tulipita tu. Ndanda tulifika saa 9 alasiri, na nilikua nimeahidi kwa mama yake kwamba lazima aione hospitali ya wamisionari na shule yao ya uuguzi, pamoja na kwamba mtoto alishasema lake. Pazuri, kumetulia, mlima wa Makonde upo juu yako pale, wale mabenediktini wapo hapo tangu 1906 na miti yao inaonyesha. Binti alizunguka kwa heshima, aliuliza vizuri, kwenye gari akasema baba pazuri sana. Akanyamaza. Nikaelewa, sikuongeza.

Usiku tulirudi Mtwara saa 3, mwendo wa kistaarabu, hakuna kupita malori kwenye kona. Jumla yote na chakula ni laki tatu na sitini na kidogo. Ningewapa nyota nne kama AC ingekua nzima, kwa sasa tatu na nusu.

Mama yake ilimchukua siku mbili kukubali. Dereva nimeshamwambia, binti akimaliza mtihani mwezi wa tano tunaenda Morogoro, SUA, chuo kikuu cha kilimo cha Sokoine, nimeshamuandikia na vituo vyote kwenye meseji, na sharti la kwanza ni AC itengenezwe.