TAHADHARI: Muuzaji wa mawe hai ya "akiba ya kabla ya marufuku"

Ninawaandikia wenzangu mnaofuga matumbawe na samaki wa maji ya chumvi ili mjihadhari na muuzaji anayenadi mawe hai (vipande vya mwamba wa matumbawe vilivyojaa bakteria na viumbe vidogo, tunavyoviweka tangini ili visafishe maji) kwa maelezo kwamba ni akiba ya mwisho iliyovunwa Fiji kabla nchi hiyo haijafunga biashara hiyo. Nilinunua kwake kilo 20. Kati ya vipande 14 nilivyopokea, tisa ni saruji iliyopakwa rangi, na vitano ni mawe ya kweli ambayo yananitia hofu kuliko yale ya bandia, kwa sababu nitakazozieleza. Simtaji jina kwa kuwa hana jina moja. Katika mazungumzo yetu ya wiki tatu alibadilisha akaunti mara mbili, na kulitangaza jina la leo kungewafanya wale atakaowaendea kesho kwa jina jingine wadhani wako salama. Nitamweleza kwa mwenendo wake, ambao haubadiliki.

Mwenendo huo huanza na ukweli. Atakueleza kwamba mawe ya asili yamekuwa adimu, na hapo hadanganyi. Katika jimbo la Florida, Marekani, kuvuna mawe hai kwenye miamba ya asili kumekatazwa katika maji ya jimbo tangu 1989, na katika maji ya shirikisho uvunaji huo ulikuwa umefungwa kufikia 1997; yanayotoka huko leo kihalali ni yale yanayofugwa, yaani mawe ya chokaa yaliyotolewa machimboni, yakashushwa kwenye sakafu ya bahari iliyokodishwa kwa kibali, na kuachwa huko mpaka viumbe vya bahari vikayavaa. Fiji, iliyokuwa miongoni mwa wasafirishaji wakubwa, ilisitisha usafirishaji wake mwishoni mwa 2017. Hawaii nako mawe hai hayachukuliwi baharini. Muuzaji huyu anayajua yote haya na huyasimulia kwa ufasaha, na ufasaha huo ndio ulionifanya nimwamini: nilidhani mtu anayezijua sheria kiasi hicho bila shaka anazifuata. Kumbe alikuwa anazitumia sheria hizohizo kuelezea kwa nini hana karatasi, kwa nini bei yake ni ya juu, na kwa nini ni lazima nilipe siku ileile kabla "mteja mwingine" hajamaliza mzigo.

Nilipomsisitizia suala la karatasi alinitumia picha ya kibali cha usafirishaji cha CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, na ninaomba mnifuatilie kwa makini hapa, kwa sababu picha hiyo bado anaisambaza. Matumbawe magumu yote yamo katika Kiambatisho cha Pili cha mkataba huo, na mawe hai yaliyotokana na matumbawe hayo huhesabiwa pamoja nayo, kwa hiyo hayavuki mpaka wa nchi bila kibali. Kibali cha usafirishaji kinatumika ndani ya miezi sita tangu kitolewe. Cha kwake kilikuwa kimeshapita miezi 14 siku niliyooneshwa, ilhali yeye alidai kwamba mzigo ulikuwa umeingia wiki iliyotangulia. Tena, mawe hai huandikwa kwa uzito, kwa kilo, na kwa kawaida hutajwa kwa jina la kundi zima la kisayansi la matumbawe magumu, kwa kuwa mifupa iliyokwisha kusagika haitambuliki ni ya spishi gani. Kibali chake kilitaja idadi ya vipande na jina la jenasi moja (kundi dogo la spishi zinazokaribiana), jambo linaloonesha kwamba kilikuwa cha mzigo wa matumbawe hai wa mtu mwingine kabisa. Zaidi ya hayo, maelezo yake mawili yanapingana. Mzigo ulioingia wiki iliyopita hauwezi kuwa akiba iliyotoka Fiji kabla ya 2018. Nilipomuuliza ni lipi la kweli, akaunti ile ikafungwa, na siku mbili baadaye "mshirika wake" akaniandikia kwa namba nyingine. Wakati huo nilikuwa nimekwisha kulipa, na kwa kosa hilo ninajilaumu mwenyewe.

Vipande vya saruji havikuwa rahisi kuvigundua kwa macho. Vilikuwa na matundu, vilikuwa vyepesi kiasi, na vilikuwa na rangi ya zambarau ambayo sisi sote huitafuta kwa sababu ndiyo rangi ya mwani wa chokaa unaofunika jiwe lililokomaa. Nilichopaswa kukiona mapema ni kwamba rangi ilikuwa sawa kila mahali, hata ndani kabisa ya matundu na upande wa chini, wakati mwani wa kweli huwa na mabaka ya waridi, zambarau na wekundu uliofifia, na huota kwa kufuata mwanga. Mwani wa chokaa ni ganda gumu: ukiukwangua kwa wembe hutoka magamba, na ukiusugua kwa mswaki hautoki. Huu wangu ulitia rangi maji ya ndoo kwa kusuguliwa mara moja. Msitegemee siki katika jambo hili, ingawa wengi huishauri, kwa sababu saruji iliyochanganywa na mchanga wa matumbawe hutoa povu kama jiwe la kweli linavyotoa. Kilichonipa jibu ni ndoo mbili na vipimo vya kawaida. Niliviloweka vile tisa peke yake katika maji ya chumvi mapya, na katika siku mbili pH, yaani kipimo cha ukali wa maji, ilikuwa imepanda kupita 9, kwa kuwa saruji ambayo haijakomaa huachia chokaa kali majini. Kisha nikatia amonia kidogo, sumu itokanayo na taka za samaki, katika maji mengine safi, nikavirudisha humo, na baada ya siku tano kiwango kilikuwa kilekile. Jiwe hai lina bakteria wanaoigeuza amonia kuwa naitraiti na kisha naitreti. Hiyo ndiyo kazi tunayolinunulia, na jiwe lisiloifanya ni pambo tu. Sina ugomvi na mawe yaliyotengenezwa na watu. Yanaipunguzia bahari mzigo, na ninayo katika tangi langu jingine, lakini huuzwa kwa jina lake, kwa bei yake, yakiwa yamelowekwa mpaka yamekomaa.

Sasa vile vitano vya kweli. Vilifika vimefungwa kwa magazeti yenye unyevu, na vilinuka kama mayai yaliyooza. Harufu yenyewe si ushahidi wa ulaghai, kwa maana sifongo na viumbe vingine laini hufa safarini, na mawe yoyote yaliyosafirishwa hivyo huhitaji wiki kadhaa katika chombo cha peke yake, gizani, chenye maji yanayozungushwa kwa pampu na kubadilishwa, mpaka amonia ishuke hadi sufuri. Kilichonishtua ni upande wa chini wa kila kipande. Kokoto za mwambani zilizovunjwa na mawimbi huwa zimelainika kingo na kuota viumbe pande zote. Hivi vilikuwa na uso mweupe, usio na mwani, wenye mikwaruzo sambamba ya chuma. Mtu alivibandua kwa patasi kutoka kwenye mwamba uliosimama, tena si zamani. Juu ya viwili kulikuwa na matumbawe magumu yaliyokuwa bado na uhai. Kipande cha namna hiyo hakihesabiwi tena kuwa jiwe hai kwa mujibu wa CITES, bali tumbawe hai linalohitaji kutambuliwa kwa jina lake na kuwa na kibali chake, na anayekutwa nalo bila karatasi anaweza kunyang'anywa na kushtakiwa hata kama alilinunua kwa nia njema. Mwamba ule ulichukua miaka mingi sana kujengeka, nami nililipia kuvunjwa kwake. Sijapata raha tangu nilipolitambua hilo.

Lililonifanya niandike leo badala ya kungoja, hata hivyo, ni ushauri alionipa nilipolalamikia harufu na anemoni wasumbufu wa jamii ya Aiptasia waliojitokeza. Aliniambia niyachemshe mawe yote kwenye sufuria jikoni. TAFADHALI MSICHEMSHE MAWE HAI KAMWE, awe amewashauri nani. Baadhi ya zoantidi (viumbe laini walio jamaa wa matumbawe), hasa wa jamii ya Palythoa, hubeba palitoksini, mojawapo ya sumu kali zaidi zinazojulikana miongoni mwa viumbe vya bahari, na joto la kuchemsha haliiharibu kwa haraka. Kinachotokea ni kwamba inapaa na mvuke na kuvutwa na kila aliyemo ndani ya nyumba. Wapo wafugaji na jamaa zao waliolazwa hospitalini kwa homa, kifua kubana na kushindwa kupumua vizuri baada ya jambo hilihili. Kipande kimoja kati ya vyangu kilikuwa na zoantidi wa rangi ya kahawia kwenye ufa. Maji ya moto ya birika na kusugua kwa brashi ngumu nayo yana hatari hiyohiyo, na mikono ivalishwe glavu daima.

Anayetafuta mawe ya asili bado anaweza kuyapata kwa haki, na anayeyauza kwa haki hachukii kuulizwa. Mfugaji wa mawe wa Florida, kwa mfano, atakueleza eneo lake la bahari na kibali chake, na jiwe lake linatakiwa liwe la aina inayotofautika na mwamba wa asili wa mahali pale au liwe na alama. Mawe ya mwenzenu anayevunja tangi lake ni mazuri vilevile, ila muulizeni kama aliwahi kutia dawa ya shaba, kwa sababu mawe huinywa shaba na kuiachia polepole, ikiua kamba, konokono na matumbawe.

Kwa waliokwisha kununua kwa mtu huyu: msiyatie mawe hayo kwenye tangi lenye viumbe, msiyauze kwa mwingine, na msiyarudishe baharini, kwa kuwa hamjui yametoka bahari gani wala yamebeba wadudu au maradhi gani. Yatengeni katika chombo chenye pampu na hita, pigeni picha za upande wa chini, na mhifadhi kila ujumbe pamoja na picha ya kibali alichowaoneshea. Vyangu vitano nimekwisha kuviripoti kwa mamlaka inayosimamia viumbe wa porini, na nimeelekezwa nivitunze hivyo hivyo mpaka waje kuvichukua. Anayetambua kibali kilekile, cha vipande na jenasi moja, aandike hapa chini tarehe aliyooneshwa, ili tujue kimetumika mara ngapi.