Kikapu cha joto cha elfu 45, nimekitumia miezi mitatu

Nimesubiri miezi mitatu ndo niandike, maana kitu kikiwa kipya kila mtu anakisifia. Sasa nasema bila wasiwasi, kama unapikia makaa na nyumbani mko wengi, nunua hiki kikapu.

Sisi tuko sita, vyumba viwili vya kupanga huku Nsambya, Kampala, sigiri inakaa barazani. Makaa tulikuwa tunanunua ndoo ndogo ya 3,000 kila siku, yani 90,000 kwa mwezi inaungua hivi hivi, na tangu ile amri ya 2023 ya kuzuia uchomaji makaa wa biashara kule kaskazini mwa Uganda mimi sijaona bei ikirudi chini. Siku ya maharage ndo ilikuwa mbaya zaidi, masaa matatu sigiri inawaka, unaongeza makaa, unaongeza maji, watoto wanauliza kama yameiva.

Kikapu chenyewe ni kikapu cha kawaida tu cha kusuka, ndani kimeshonewa kitambaa kilichojazwa vipande vya sponji vya godoro, nene kama kiganja, pembeni na chini, na juu kuna mto wa kufunikia. Hakina waya hakina moto. Unachemsha chakula kwenye sigiri, kikiwa kinatokota unaingiza sufuria nzima na mfuniko wake ndani ya kikapu, unafunika na mto, chakula kinaendelea kuiva kwa lile joto lake kwasababu halina pa kutokea. Mama anayevishona anafanyia nyumbani kwake, si mbali na sisi, na alinikalisha chini kabisa akanielekeza: "Mwanangu, sufuria ijae, mfuniko ukaze, na usichungulie." Hayo matatu nimekuja kuona ndo siri yote. Sufuria ikiwa nusu inapoa haraka, na ukichungulia mara moja tu mvuke umetoka, itabidi urudishe kwenye moto.

Maharage nafanya hivi. Naloweka usiku, asubuhi namwaga yale maji naweka mapya, nayachemsha dakika 25 hivi, naingiza kwenye kikapu naenda zangu kazini, mchana binti yangu anayatoa anayachemsha tena kidogo na kuunga. Jamani msiruke hapa: haya maharage mekundu lazima yachemke kwa nguvu dakika 10 kamili kabla hayajaingia kwenye kikapu, yana sumu ambayo joto dogo haliiondoi, tumbo litakuuma vibaya. Na nyama usiiache humo kutwa nzima, ikishaanza kuwa vuguvugu inaharibika.

Wali ndo rahisi kuliko vyote, ukitokota dakika tano unaingiza, baada ya dakika 40 unakuta umekauka vizuri hauna ukoko. Kwa matoke, yani ndizi za kupika, ndo nilishangaa, mnajua yakishapondwa yanarudishwa kwenye moto mdogo kwenye majani yake yabaki laini mpaka watu waje kula, hayo makaa ya kungojea wageni ni mengi banange! Sasa yanangojea kwenye kikapu, saa nane nayatoa bado yanafuka moshi. Posho (ugali) na chapati hapana, hizo ni za motoni tu.

Hesabu yangu sasa, ndoo moja inatupeleka siku mbili, kwahiyo kwa mwezi 45,000 badala ya 90,000. Yani mwezi wa kwanza tu kikapu kimejilipa.

Kuna mtu ataniuliza kwanini nisinunue ile sufuria ya presha ya stima. Ni nzuri, kilo ya maharage haimalizi hata yuniti moja, na kama una laki tatu mkononi mimi mwenyewe ningekwambia uanze na hiyo. Mimi sikuwa nazo. Na pia ile bei ya nafuu ya kupikia kwenye yaka, yani mita ya stima ya kulipia kabla, inaanza ukishapita yuniti 80 kwa mwezi, sisi 80 hatufiki, tunapata zile 15 za kwanza za shilingi 250 kila moja halafu zinazofuata zote zinaruka juu ya 700. Stima yetu ni ya taa na simu na pasi, balbu zote nilishabadilisha nikaweka za LED, hapo sina tena pa kubana.

Yasiyonifurahisha yapo. Kikapu changu cha kwanza nilinunua kwa muuzaji mwingine barabarani kwa elfu 25, sponji yake nyembamba, baada ya lisaa sufuria imeshapoa, ile hela imepotea. Kwahiyo kabla hujalipa bonyeza chini kwa kidole, ukigusa kikapu chenyewe kiache. Hiki kizuri nacho mto wake umeshaanza kufumuka ushonaji pembeni, nimeushona mwenyewe mara mbili. Na lazima ukianike juani kila baada ya siku mbili tatu, mvuke unaingia kwenye kitambaa, mimi mwezi wa mvua nilikisahau kikaota ukungu nikafua kitambaa chote, kukauka siku nne. Natamani angekishona kitambaa kiwe cha kuvuliwa, nimemwambia na amekubali vinavyokuja atavifanya hivyo.

Pia kinachukua nafasi, kwenye chumba kidogo utakiona kila saa. Chetu kinakaa chini ya meza.

Ukienda kununua beba sufuria yako ile unayopikia kila siku, na mfuniko wake, aipime humo ndani kabla hamjaelewana bei. Sufuria ya mpini mrefu haiingii.